Jiwe la Kona ya Langmyr

Barabara ya Kanisani, katika kata ya Langmyr, inatoka mashariki kwenda magharibi imenyooka kama uzi uliovutwa. Ukiianza pale kwenye daraja la mtaro mkuu unaweza kuachia usukani ukamenya chungwa, na wapo waliofanya hivyo. Lakini inapofika pembeni mwa shamba la akina Tveiten inajikunja ghafla kwenda kusini, inalizunguka jiwe moja la kijivu lenye kimo cha goti, kisha inarudi kwenye mstari wake na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Watu wa Langmyr wana jibu moja kuhusu mkunjo huo. Wanasema mpimaji wa kwanza, yule aliyetumwa na serikali ya Marekani kuikata nyika hii vipande vya mraba kabla hata nyumba moja haijajengwa, alikuwa amelewa. Utani huo husemwa harusini, husemwa kwenye mkutano wa kata kila Machi, husemwa hata msibani. Mtu akisema jambo lisiloeleweka, anaambiwa, "Wewe nawe umepimwa na yule mlevi."

Nyumba moja tu haikuwahi kucheka. Hiyo ni ya akina Kubicek, ambao shamba lao liko mashariki ya jiwe. Tangu enzi za babu yao walidai kwamba jiwe hilo, linalohesabiwa kuwa kona ya mipaka, halipo mahali pake, na kwamba ukanda wa ardhi wenye upana wa ghala la nyasi, kuanzia barabarani hadi kwenye kinamasi cha zamani, ni wao, na akina Tveiten wanaulima bila haki. Akina Tveiten ni Wanorwe wa magharibi ya kata, watu wa kanisa jeupe la mbao. Akina Kubicek ni Wacheki wa mashariki, watu wa ukumbi wa dansi na bia. Hilo peke yake lingetosha watu wasizungumze. Ukanda ulizidisha tu.

Hata hivyo uzio uliotenganisha mashamba hayo haukuwahi kulala chini. Desturi ya huko ni kwamba kila majira ya kuchipua, theluji ikishaisha, majirani wawili wanaenda katikati ya uzio wao, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wanasimama wakitazamana uso kwa uso. Halafu kila mmoja anageuka kulia kwake, na nusu aliyoielekea ndiyo ya kutengeneza mwaka huo. Orlan Tveiten na Lumir Kubicek walifanya hivyo maisha yao yote ya utu uzima, bila salamu. Walitazamana, wakageuka kulia, wakaenda. Nusu ya Orlan ilikuwa ile ya kusini, inayoishia kwenye jiwe.

Orlan alifariki mwezi wa Novemba, mahindi yakiwa yameshavunwa. Ardis, mkewe, alibaki peke yake kwenye nyumba yenye vyumba vya juu ambavyo havikuwahi kulaliwa na mtoto wao.

Ardis hakuzaliwa Langmyr. Aliletwa pale akiwa bibi harusi, akitokea kata iliyo upande wa pili wa mto. Wiki ya kwanza tu, alipokuwa akirudi kutoka dukani wakati ule duka lilipokuwa bado halijaungua, alimwona mwanamke amesimama kwenye jiwe la kona. Alikuwa amevaa aproni ndefu, ameipa barabara mgongo, mikono yake imening'inia mitupu. Ardis aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama kila mtu anavyofanya huko. Mtu asipokuinulia kidole njiani ujue ana msiba au ana kinyongo na wewe. Mwanamke yule hakugeuka.

Alipofika nyumbani alimweleza mama mkwe wake, Borghild, aliyekuwa akisukuma chapati nyembamba za viazi juu ya meza.

"Nani yule mama mwenye aproni pale konani? Nimempungia hata hakunitazama."

Borghild hakuacha kusukuma. "Usimpungie."

"Kwani ni nani?"

"Ana kazi yake. Usimsumbue. Hebu niletee unga."

Ardis alidhani ni mmoja wa akina Kubicek. Ilimchukua muda kujua kwamba akina Kubicek hawakuwa na mwanamke wa namna hiyo, na kwamba watu wengine walipopita pale waliona jiwe tu. Yeye aliendelea kumwona, si kila mwaka, ila mara nyingi ni zile siku ambazo theluji inakatika na maji yanaanza kusikika chini ya barafu kwenye mitaro. Hakumpungia tena.

Kisha Ardis alijifungua. Alikuwa mtoto wa kike, na hakulia. Hospitali za siku zile zilikuwa na namna yake. Wakamfunika, wakamtoa nje ya chumba, wakampa mama sindano ya usingizi. Alipoamka daktari akamwambia kwamba kila kitu kimeshashughulikiwa. Orlan aliuliza kimeshughulikiwa wapi. Akajibiwa kwamba ni afadhali wasijue, wao bado vijana, watapata mwingine. Hawakupata mwingine, na hawakuambiwa.

Ni baada ya hapo Orlan alipoanza kazi ya waya. Wapo wazee wa huko wanaoweza kutafuta makaburi yaliyopotea kwa waya mbili zilizokunjwa, unazishika mbele yako kama mtu aliyeshika bastola mbili, unatembea polepole. Ukikanyaga juu ya kaburi, waya zinajipitanisha zenyewe, ukilivuka zinaachana. Orlan alijifunza kwa mzee mmoja wa makaburini, na akawa hodari kumshinda. Alipata makaburi ya wale waliokufa kwa homa nyuma ya shule ya zamani. Alipata ya familia nzima ukingoni mwa ziwa ambalo sasa ni shamba la maharage, kwa sababu lilikaushwa kwa mitaro. Wazee wa Kidakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, walipokuja kutafuta wafu wao kule mlimani, walimwomba naye atembee, akatembea siku mbili akiwa amevua kofia. Alipata makaburi ya kila mtu. Ardis alijua alikuwa akitafuta la nani, na hawakulisema hata siku moja mezani.

*

Mwezi wa Aprili, mwenyekiti wa kata, Wendell Aasgaard, alisimamisha pikapu yake uani kwa Ardis, akafuta buti mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ardis akajua ana neno.

"Kaa, Wendell. Kahawa ipo."

"Nusu kikombe tu."

Alimjazia, kwa sababu huko nusu kikombe maana yake ni kikombe kizima na kingine baadaye. Wendell alikula vipande viwili vya keki, akaisifia mvua, akaisifia keki, kisha akafika kwenye neno lake.

"Ardis, kaunti wanainyoosha barabara. Unakumbuka yule kijana aliyetumbukia mtaroni Januari, pale konani."

"Alikuwa anatazama simu."

"Hata kama. Barabara inayojikunja bila sababu ni kesi inayosubiri mtu. Mpimaji anakuja wiki ijayo. Kama jiwe ndilo kona, watapigilia bomba la chuma pale pale, refu, waweke kifuniko cha shaba. Kama silo, basi ni jiwe tu. Kijiko cha kuchimbia kitaling'oa na greda litapita juu."

"Bomba linaenda chini kiasi gani?"

Wendell alimtazama. "Sijui. Kimo cha mtu, labda. Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

"Lumir atafurahi," alisema Wendell akicheka kidogo. "Babu yake, baba yake, yeye mwenyewe, wote wanapiga kelele za ukanda. Sasa setilaiti ndiyo itamwambia. Orlan angekuwepo angesimama pale na bunduki, masikini. Alishikilia kweli kwamba jiwe ni kona."

Ni kweli. Kwenye mikutano ya Machi, mwaka hata mwaka, Lumir alisimama akasema jiwe si kona, Orlan akasimama akasema jiwe ni kona, na watu wakala sandwichi za nyama ya nguruwe wakiwatazama kama wanatazama mpira.

Wendell alipoondoka, Ardis alibaki ameshika kikombe chake. Jiwe likiwa kona, chuma kinashuka. Jiwe lisipokuwa kona, kijiko kinachimba. Kwa vyovyote, ardhi ile inafunguliwa. Na mwanamke wa aproni, kazi yake ni ipi kama si kuangalia ardhi ile isifunguliwe?

*

Kesho yake theluji ya mwisho ilikuwa imebaki kivulini tu. Ardis alivaa koti la Orlan la kazi, akachukua mkoba wake wa turubai wenye koleo, nyundo na misumari iliyopinda, akatembea kando ya uzio hadi katikati. Hakujua kama ilikuwa sawa mwanamke aende. Alijua tu kwamba asipokwenda, nusu ya Orlan italala.

Lumir Kubicek alikuwa ameshafika. Mzee mrefu mwenye masikio makubwa, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, hajawahi kuoa. Alimtazama Ardis. Ardis alimtazama. Upepo ulipita kati yao kwenye seng'enge.

Lumir alionekana kama anataka kusema kitu. Kisha akageuka kulia, kwenda kaskazini. Ardis naye akageuka kulia.

Alifanya kazi asubuhi nzima, vibaya, kwa mikono ya jikoni. Penye waya uliokatika aliunga. Penye msumari uliotoka alipigilia. Kila alipofika kwenye fundo la Orlan alilitambua, kwa sababu alikuwa akiukunja waya mara moja zaidi ya watu wengine, kama mtu asiyeamini kwamba kitu kimefungwa. Alifika kwenye jiwe jua likiwa juu ya utosi.

Kulizunguka jiwe hapakuwa na theluji hata kidogo, na nyasi zilikuwa zimeshaanza kuwa kijani, wakati kwingine kote bado ni kahawia. Aliingiza mkono mkobani kutafuta msumari wa mwisho akagusa kitu chembamba. Waya mbili za Orlan, zilizolainika mahali pa kushikia.

Alitazama barabarani, hapakuwa na gari. Akazishika kama alivyomwona akizishika, viwiko kwenye mbavu, akarudi nyuma, kisha akatembea kuelekea kwenye jiwe.

Waya zilijipitanisha. Hakuzikaza, hakuzielekeza, zilijipitanisha taratibu, kama mtu anayekunja mikono kifuani. Alipiga hatua moja, zikaachana. Alirudi, zikapitana tena. Nafasi ile ilikuwa fupi sana. Mtu mzima hawezi kulala mahali pafupi namna ile.

Ardis aliketi kwenye nyasi zile zenye unyevu. Hakuona mtu, lakini nyuma yake, upande wa barabara, baridi ilitulia kama anavyotulia mtu aliyesimama karibu yako na hataki kukushtua. Hakugeuka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "sijui wewe ni nani. Wako nimempata. Nitajaribu wasimguse." Halafu akasema neno ambalo hakujua kama alikuwa nalo. "Wangu hana mtu huko aliko. Kama mnaonana, umshike."

Maji yalisikika mtaroni. Aliposimama, koti lilikuwa limelowa.

*

Siku ya mpimaji walikuwa wanne pale konani. Mpimaji mwenyewe alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Brenna, mwenye fulana ya rangi ya machungwa na chombo cha setilaiti juu ya miguu mitatu. Wendell alikuja kwa niaba ya kata. Lumir alisimama upande wake wa uzio na Ardis upande wake. Kijiko cha njano kilikuwa kimeegeshwa mbele kidogo, dereva ndani akila mkate wake.

Brenna alisoma chombo, akapima, akasoma tena, akatikisa kichwa.

"Poleni, lakini hii si kona. Kona halisi iko huku," akatembea kwenda magharibi na kaskazini kidogo, ndani ya shamba la Ardis, akachomeka kibendera. "Na hili jiwe halina alama. Mawe ya wapimaji wa kale yana mikato pembeni, ya kuhesabia maili. Hili halina kitu. Nadhani kigingi chao cha mbao kiliungua kwenye moto wa nyika, watu wakaja kutafuta kona, wakakuta jiwe limesimama, wakasema ndilo."

"Kwa hiyo mpimaji hakulewa!" alisema Wendell. "Jamani, tutamsema nani sasa? Lumir, hongera bwana. Miaka mia na zaidi! Leo unatununulia bia."

Lumir alilitazama jiwe.

Wendell aliinua mkono kumwita dereva. Kijiko kikanguruma.

"Hapana," alisema Ardis.

"Ardis, ukanda si mkubwa hivyo, na wala hakuna anayekulaumu..."

"Ukanda achukue. Aanze leo. Mimi nasema jiwe lisiguswe. Hapo chini pana mtoto."

Wendell alishusha mkono. Dereva hakuelewa, akaendelea kusogea. Ardis akapita kati ya waya mbili za uzio, koti la Orlan likanasa na kuchanika mgongoni, akaenda akaketi juu ya jiwe. Mwanamke wa umri wake, ameketi juu ya jiwe kama kuku juu ya mayai. Kijiko kikasimama.

"Nani amekwambia?" aliuliza Wendell kwa upole, upole ule wa kusema na mtu aliyefiwa karibuni.

"Waya za Orlan."

"Mama," alisema Brenna, "nisamehe, lakini mimi siwezi kuandika waya kwenye ramani. Una mtu mwingine anayejua? Mzee yeyote?"

Ardis hakuwa na mtu. Alimtazama Wendell, naye Wendell akatazama buti zake. Na alijua wanachofikiri, kwa sababu kila mtu wa Langmyr wa umri wao alijua habari ya mtoto wake asiye na mahali. Walifikiri huzuni imempanda kichwani. Walifikiri ameona mtoto wake chini ya kila jiwe.

"Zima hilo dude," alisema Lumir Kubicek.

Wote walimgeukia. Alikuwa amevua kofia, na kipara chake kilikuwa cheupe kama cha mtoto.

"Lumir," alisema Wendell, "wewe umeshashinda. Nenda nyumbani."

"Wendell, funga domo kidogo. Limekuwa wazi tangu darasa la pili." Aliushika uzio kwa mkono mmoja. "Anasema kweli. Hapo pana mtoto. Ni wa Gunhild, bibi aliyelianza shamba la akina Tveiten. Mtoto alikufa majira ya baridi ya kwanza, ardhi ikiwa imeganda kama chuma, wakamhifadhi kwenye kisanduku darini hadi Aprili. Wakamzika hapa, wakaweka jiwe, maana kanisa halikuwepo na makaburi hayakuwepo. Vuli yake moto ukapita ukala vigingi vyote vya wapimaji. Watu wa barabara wakaja wakaliona jiwe. Wakamwuliza mume, hii ndiyo kona? Mume akafungua mdomo aseme sivyo. Gunhild akawahi. Alikuwa hajui Kiingereza isipokuwa neno moja. Akasema ndiyo."

Brenna alilitazama jiwe upya.

"Alishaona wanaume na plau zao," aliendelea Lumir. "Alijua watalima kila mahali, mpaka mlangoni kwake. Lakini jiwe la kona halilimwi. Jiwe la kona halisogezwi, hata ugombane na jirani miaka mia. Kwa hiyo akawapa kona. Barabara ikalizunguka, uzio ukaanzia hapo, shule ikapimwa kutoka hapo. Kata hii nusu yake imepimwa kutoka kwa mtoto yule."

"Na wewe umeyajulia wapi haya?" aliuliza Wendell. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Orlan aliniambia."

Ardis alihisi jiwe likiwa baridi chini yake. "Lini?"

"Mwaka aliokufa mama yake. Tulikutana katikati ya uzio, nikamsubiri ageuke. Hakugeuka. Akasema, Lumir, babu yako alikuwa na haki, jiwe si kona. Mama kaniambia kitandani. Akanieleza yote kama nilivyoeleza. Nikamwuliza, unaniambia mimi ili iweje? Mimi ndiye adui yako. Akasema, kwa sababu mtoto wetu amelala kwenye ardhi yenu, na ni vibaya mwenye nyumba asijue mgeni wake. Halafu akageuka kulia akaenda kufunga waya. Hatukusemezana tena."

"Lakini uliendelea kudai!" alisema Wendell. "Kila Machi! Wewe na yeye!"

"Ningeacha, mngeuliza kwa nini nimeacha. Ningeenda mahakamani, wangekuja na majembe. Kwa hiyo nikapiga kelele tu. Yeye akanipigia kelele. Tulielewana vizuri sana, mimi na Orlan."

Ardis alitazama mikono yake. Miaka yote ile, mume wake alikuwa na neno, na alilipeleka ng'ambo ya uzio, akampa mtu asiyemsalimu.

"Mimi hakuniambia," alisema.

Lumir aliigeuza kofia yake mkononi. "Alisema ungekuja kukaa hapa. Alisema, Lumir, nikimwambia, atakuja na kiti, na sitampata tena nyumbani."

Kitu kilimpanda Ardis kifuani. Hakujua kama ni kicheko. "Ningekuja na kiti," alisema. "Ningekuja nacho kweli." Na akainamisha uso kwenye kola ya koti la Orlan, ambalo bado lilikuwa na harufu ya grisi na nyasi kavu, wakamwacha.

Brenna alifunga miguu ya chombo chake, mmoja baada ya mwingine. "Mimi sipigilii chuma hapa," alisema. "Kona nitaiweka pale kwenye kibendera. Barabara waachie mkunjo wake, waweke kibao cha kupunguza mwendo. Nitawaeleza ofisini." Wendell, kofia mkononi, alienda kumwambia dereva arudi nyuma.

Walipobaki wawili, Ardis alisema, "Ukanda ni wako. Nimesema mbele ya watu."

"Niupeleke wapi? Panda mahindi yako, tutaona mwakani."

"Na uzio itabidi usogezwe."

"Uache hapo hapo." Lumir alivaa kofia yake. "Mimi nimeshazoea kugeuka kulia."

*

Siku ya Kumbukumbu, mwisho wa Mei, watu wa kata hukusanyika makaburini nyuma ya kanisa jeupe, Wanorwe na Wacheki, na wale waliohama hurudi na maua ya uani kwenye makopo ya kahawa. Mchungaji husoma majina ya wafu wote wa Langmyr, moja moja, na kazi hiyo huchukua muda kwa sababu wafu sasa ni wengi kuliko walio hai. Akimaliza, hunyamaza kidogo kwa ajili ya wale ambao mahali pao hapajulikani. Katika kimya hicho Ardis hutazama viatu vyake.

Mwaka huu jina la Orlan lilisomwa. Baada ya majina yote mchungaji akasema, "Na mtoto wa Gunhild Tveiten, aliyeko konani." Kisha kikaja kimya, kirefu kama kawaida, na Ardis akatazama viatu vyake kama kawaida. Nyuma yake mtu alikohoa. Upepo ulipeperusha bendera ndogo.

Baadaye kulikuwa na kahawa kwenye chumba cha chini ya kanisa. Ardis alishika birika, kwa sababu mjane huko hupewa birika ili mikono yake iwe na kazi. Kwenye meza ya mwisho alikuwa ameketi Corinne, mke wa mpwa wa Lumir. Ameolewa tangu Pasaka, mtu wa mjini, bado anauliza maswali.

"Nusu kikombe tu, mama," alisema Corinne. Ardis akamjazia. "Eti, nikuulize. Jana jioni nilipita pale kwenye kona ya lile jiwe. Nilidhani nimekuona wewe."

"Jana jioni nilikuwa hapa, napanga meza."

"Basi si wewe. Kuna mama alikuwa amesimama pale, na aproni ndefu. Anaitazama barabara. Nikainua kidole, si mmenifundisha nimpungie kila mtu?" Corinne alicheka kwa aibu. "Au nimekosea? Kuna wa kutopungiwa?"

Ardis aliweka birika mezani. "Hujakosea. Naye alikupungia?"

"Hapana, lakini hakuwa na dharau. Alinitikisia kichwa tu. Asingeweza kupunga, alikuwa amebeba. Mikono imejaa."

"Amebeba nini?"

"Sikuona vizuri, jua lilikuwa machoni. Kama vifurushi vidogo, vimefunikwa. Kimoja huku," akaonyesha mkono wake wa kushoto, "na kimoja huku."

"Mikono yote miwili?"

"Yote miwili."

Ardis alisimama pale kwa kitambo, mpaka mtu wa meza ya jirani akaanza kugonga kikombe chake kwa kijiko, akimtania kwamba siku hizi kahawa inapimwa na yule mlevi. Akamwambia ngoja, nakuja. Akavuta kiti akaketi kwanza.